Matanga ya Oom Faan

Mtu akifiwa, humwekei sahani ya keki mlangoni, imefunikwa plastiki, kisha ukaondoka kwa kunyata kama mwizi. Hivyo ndivyo walivyofanya, na mimi, Laurette, niliwaona kwa macho yangu haya mawili, siku ya Julai yenye jua zuri, katika kambi ya karavani, vile vijumba vya kuvutwa na gari, pale Bluff, ng'ambo ya bandari ya Durban. Walikuja mmoja mmoja. Waliweka sahani, wakagonga mara moja kwa ukucha, wakageuka. Ndani, mjane alikuwa ameketi peke yake. Mumewe alikuwa amefia kwenye kiti asubuhi ileile, kahawa yake bado ya moto, na kufika mchana majirani zao wa miaka nenda rudi walikuwa uwanjani wanacheza mipira yao ya mbao.

"Tunamwachia nafasi," Oom Neels, mmoja wao, aliniambia nilipomuuliza.

Nafasi! Kwani alikuwa amekosa nafasi? Alikuwa na karavani nzima ya nafasi.

Ngoja nieleze kwanza tulifikaje pale, maana najua mtauliza Wakongomani wanatafuta nini kwenye kambi ya wazee wa Kizungu. Mume wangu Anatole alifundisha hisabati miaka mingi huko Bethlehem. Siyo ile ya Yesu. Hii ni ya Free State, na mtoto akizaliwa horini huku mwezi wa saba, mamajusi watamkuta ameshaganda. Mimi nilikuwa nauguza wakongwe kwenye nyumba ya wazee ya mji huohuo. Tulitoka Uvira tukiwa na nguvu zetu, tumezeekea huku, na vitambulisho vyetu ni vya nchi hii. Baada ya korona mapafu ya Anatole hayakurudi sawa. Baridi ikianza anakohoa mpaka anashika mbavu, na mwaka ule wa mwisho kabla hatujaanza kushuka pwani, alilazwa akiwekewa oksijeni. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema baridi nyingine kama ile hadhani Anatole ataimaliza. Nimpeleke baharini mwezi wa tano, nimrudishe inapokwisha.

Kumbe hivyo ndivyo wazee wa Kizungu wa bara wanavyofanya tangu enzi zao. Baridi ikibisha, wanafunga karavani nyuma ya gari, wanashuka pwani, na wao wenyewe wanajiita mbayuwayu. Na sisi tukanunua karavani kuukuu, kuukuu kwelikweli, tukaifunga nyuma ya pikapu yetu. Kila kambi tuliyoipigia simu ilisema haipokei karavani ya umri ule. Ya Bluff peke yake ndiyo iliyokubali. Mwenye kambi anaishi mbali, anachotaka ni stendi, vile viwanja vya kuegeshea karavani, zijae, na stendi zilikuwa hazijai. Mbayuwayu wa zamani wanakufa. Watoto wao wamehamia ng'ambo, Perth na Auckland, na hawana habari na karavani.

Kwa hiyo kambi ilikuwa imebadilika sura. Kulikuwa na walimu wastaafu kutoka Soweto, na mzee mmoja Mhindi, dereva wa treni wa zamani, na mke wake mcheshi. Kulikuwa na Profesa Jacinta, Mkenya, aliyefundisha chuo kikuu cha Westville hadi alipostaafu, akauza nyumba yake akahamia kwenye gari la kulala lenye choo humohumo ndani. Sisi wapya tulikuwa wengi kuliko wao. Lakini nani apewe stendi msimu ujao, hilo lilikuwa la kamati yao, mwenyekiti wake Oom Neels, na mwenye kura ni yule tu aliyemaliza misimu kumi. Misimu kumi! Katika umri wetu! Wengi wetu tutakuwa tumeshazikwa kabla ya kuinua mkono. Nchi hii iliwahi kuwa na kura za namna hiyo, na mimi nilidhani tulikubaliana kwamba zimekwisha.

Msimu wetu wa kwanza ulipita salama. Anatole alishinda juani kama mjusi, akanenepa, hata akaanza tena kupiga mluzi, kitu nilichokuwa nimekisahau. Msimu wa pili wakaanza uchokozi. Kosa letu lilikuwa wageni. Jumapili baada ya ibada, watu wa kanisa letu la Albert Park walikuja kumwona Anatole, kwa sababu kwetu mgonjwa haachwi. Sheria ya kambi ni wageni wawili kwa stendi. Oom Neels alikuja na kaptura yake na soksi zake za kufika magotini, akaongea kwa upole, ule upole unaoudhi kuliko tusi. Alisema hilo ni onyo. Lalamiko moja zaidi, mwakani hatupati stendi. Kisha akamtazama Anatole, akasema, "Na ninajua mzee anahitaji jua."

Alijua, basi. Asije mtu akaniambia hakujua.

Profesa Jacinta alinifuata kwenye kamba za kuanikia nguo. "Wachana nao, Laurette," alisema. "Hawa wazee wataisha tu wenyewe. Sisi tungoje."

"Wewe una choo ndani," nikamwambia. "Unaweza kungoja. Pafu halingoji."

Majirani zetu wa karibu walikuwa Oom Faan na Tannie Rina kutoka Kroonstad. Oom na Tannie ndivyo Makaburu wanavyowaita wakubwa wao, kama sisi tunavyosema mzee na mama. Yule mke nilimwita Mama Rina, naye akaitika. Oom Faan ndiye aliyeinuka kitini siku ya kwanza tulipofika, wakati wengine wote wanatutazama tunavyohangaika na karavani iliyoegemea upande. Alileta mbao zake, akachuchumaa na magoti yake mabovu, akatusaidia mpaka ikasimama sawa. Hakuuliza tumetoka wapi. Aliuliza kama tuna chumvi.

Huyo ndiye aliyekufa, na hao ndio walioweka sahani.

Anatole aliniona nikifunga kitenge kiunoni, akajua. Tumeoana siku nyingi.

"Laurette, wacha," alisema. "Tuko na onyo."

"Mi niko naona mama wa watu anakaa peke yake na kifo, na weye unaniambia wacha?"

"Batatufukuza."

"Batufukuze! Faan alikusaidia kusimamisha hii karavani, bengine banaangalia tu. Leo amekufa, hata mukeka moja haiko inje kwake."

Anatole aliangalia jua lililokuwa limejaa miguuni pake, nami nikaliangalia. Nilijua ninachokichezea. Lau angesema hapana mara ya pili, labda ningekaa.

"Bon," alisema. "Piga simu kwa Valérie. Lakini umuambie basiimbe kwa nguvu."

Valérie ana saluni Albert Park, na ndiye mkubwa wa wamama wa kanisa. Ukimwambia kuna kifo haulizi habari nyingi.

"Ni muzungu?" aliuliza.

"Ni mujane."

"Sharp. Tunakuja."

Mimi nikatangulia. Nilipiga hodi, sikungoja jibu, nikaingia. Mama Rina alikuwa ameketi kitandani, viatu vya Faan mapajani, na meza nzima imejaa sahani.

"Laurette," alisema, "sijui nifanye nini na keki yote hii."

Hakuwa amelia. Nimewauguza watu wa kwao miaka mingi na ninawajua: mtu akianza kulia anaambiwa ajikaze, akiendelea anapewa kidonge. Nikavua viatu, nikakaa sakafuni karibu na miguu yake. Kwetu wa kwanza kufika hahitaji maneno, anahitaji makalio, akae.

Wamama walifika na mikeka, na sufuria la sombe, kisamvu chetu, na ugali, na chupa za chai. Walitandika chini ya hema la mbele ya karavani, wakawasha jiko la mkaa la kupashia chakula. Tukamtoa Mama Rina nje, tukamkalisha katikati, maana mjane hakai pembeni. Valérie akamshika mkono, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, "Mume wako alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu asubuhi hakuna aliyemuuliza hilo. Walimuuliza bima. Walimuuliza kama watoto wamejulishwa. Mama Rina akafungua mdomo aeleze, akaanza na dansi moja kwenye ukumbi wa mji wa Kroonstad, na jinsi Faan alivyomkanyaga kidole, na hapo sauti ikamkatika. Akalia. Alilia kwa mwili mzima, nasi tukalia naye. Msidhani tulikuwa tunaigiza. Kwenye matanga kila mtu anawalilia na wake. Valérie ana mume aliyebaki Fizi, kule Kongo, bila kaburi, na siku ile alimlilia Faan na yule wake kwa pamoja, na hakuna aliyetenganisha machozi.

Baadaye tukaimba, kwa sauti ya chini kama Anatole alivyoomba. Wimbo wa pili Mama Rina aliujua. Akaingia na maneno ya Kikaburu, sauti nyembamba, inatetemeka, lakini hakupotea hata mahali pamoja. Anatole alikuwa amesogeza kiti chake karibu na wanaume wetu. Wimbo ulipokwisha, akamwambia, "Mama Rina, usihangaike na karavani yako. Sisi tutafikisha yetu Bethlehem, kisha turudi tuivute yako mpaka Kroonstad." Mama Rina akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Hapo ndipo Oom Neels alipokuja. Alisimama nje ya mikeka, soksi zimevutwa vizuri.

"Rina," alisema, bila kututazama, "hawa watu wanakusumbua?"

"Hapana, Neels," alijibu Mama Rina. "Waache wakae."

Nilisikia kwa masikio yangu. Wamama wote walisikia. Oom Neels akaondoka na hatua zake fupifupi, na jioni mlinzi wa geti akaja, kijana wa Kizulu, amejaa aibu, akasema ametumwa, muda wa wageni umekwisha. Tukainuka bila ugomvi. Mama Rina akamshika Valérie mkono wa blauzi. "Kesho mtakuja?" aliuliza. Tukaja kesho, na kesho yake, mpaka mwanawe alipofika kutoka Perth.

Na huyo mwana! Mtu mzima, miwani ya jua kichwani, msibani. Alinikuta naosha vikombe vya mama yake, akaniuliza ni kampuni gani iliyotutuma, kwa sababu tumefanya kazi nzuri sana.

"Ya Mungu," nikamwambia.

Akacheka, akidhani namtania. Wakamchoma Faan moto kwenye tanuri la mjini, ibada ikawa fupi kama tangazo la redio, na kijana akarudi Perth kabla maua hayajanyauka. Mama Rina akabaki, kwa sababu msimu ulikuwa haujaisha na nyumba ya Kroonstad ilikuwa tupu.

Mkutano wa stendi ulifanyika mwisho wa mwezi, kwenye banda la makuti wanapochomea nyama. Wenye kura walikaa mbele kwenye viti. Sisi wengine, wengi wetu, tulisimama nyuma kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari. Oom Neels alisema kuna lalamiko dhidi ya stendi yetu. Moshi. Nyimbo. Wageni kupita kiasi, siku tatu mfululizo. Alisema kambi ina utulivu wake na ndiyo maana watu wanaipenda.

"Na tusiambiwe tunabagua," akaongeza. "Profesa Jacinta yuko hapa na hatujawahi kupata shida naye."

Profesa Jacinta alitazama viatu vyake.

Sikuwa na wasiwasi, niwaambie ukweli. Hasira nilikuwa nayo, ya kutosha kupikia maharagwe, lakini wasiwasi hapana. Mama Rina alikuwa mstari wa mbele. Nilijua atasimama. Ni lazima angesimama: moshi ulifuka mlangoni kwake, nyimbo aliimba yeye, wageni aliwaita yeye. Nilikuwa hata nimeshaanza kumsamehe Oom Neels, kwa jinsi aibu itakavyomshukia.

"Wanaokubali stendi hiyo isitolewe tena kwa hao," alisema Oom Neels, "wainue mikono."

Mikono ikapanda. Mama Rina hakugeuka. Aliangalia mbele, na mkono wake ukapanda pia. Haukupanda sana. Ulifika usawa wa sikio, kama mtu anayepanga nywele, lakini Oom Neels aliuona, akauhesabu.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kusema mbele ya wote: mama huyu alikojoa machozi kwenye kitenge changu! Anatole akanishika kiwiko. Kisha akaanza kukohoa, pale pale kwenye joto, kikohozi ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tushuke, na ikabidi nimtoe nje. Nyuma yetu niliwasikia wameshahamia kwenye habari ya mabomba.

Profesa Jacinta alinipa pole jioni. Pole yake niliipokea. Chai sikumkaribisha.

Anatole alidhani nitataka tuondoke siku ileile, lakini thubutu! Agosti yote ilikuwa yetu, na mwanaume wangu alikuwa na jua lake la kuota. Nilibaki, na kila asubuhi nilipita mbele ya karavani za kamati, moja baada ya nyingine, nikawasalimia kwa majina yao na kungoja mpaka waitike. Wengine waliona taabu kweli. Oom Neels alianza kuamka mapema aende kuoga kabla sijapita. Mama Rina alikuwa akiniona anaingia ndani, na pazia linasogea. Valérie aliposikia alisonya kwenye simu, msonyo mrefu. "Eish," alisema. "Batu bengine banakula sombe na sahani yake." Kambi nyingine zote tulizipigia tena. Majibu yakawa yaleyale. Umri wa karavani, samahani mama.

Siku ya kuondoka ikafika. Mwisho wa Agosti upepo wa Free State bado una meno, lakini muda wetu ulikwisha. Anatole alikuwa ameshaketi kwenye pikapu, blanketi magotini. Nilikuwa nakunja hema nilipomwona Mama Rina anakuja, amevaa koti la safari. Karavani yake ilikuwa tayari imefungwa nyuma ya gari la Oom Neels, kule getini.

"Laurette," alisema, "nipe namba yako ya simu."

"Ya nini?"

Akatazama huku na huku. "Na mimi umri umekwenda. Nikifa, mwanangu atachelewa, umemwona mwenyewe. Nataka mje. Wewe na wale mama, na mikeka. Nataka Valérie aulize nilikuwa mtu wa namna gani."

Nikaliachia hema likaanguka chini.

"Uliinua mkono," nikamwambia.

"Neels ndiye anayenivutia karavani. Bila Neels siwezi kuja tena hapa. Nitakaa Kroonstad natazama ukuta."

"Anatole alikuahidi tutakuvuta sisi."

"Najua." Alitazama kule getini. "Niliogopa."

Woga naujua mimi. Nimevuka mipaka usiku kwa woga, na mtoto mgongoni. Lakini woga wangu sijawahi kuulipia kwa mapafu ya mtu mwingine, na hilo nilimwambia, hivyohivyo, usoni. Alisimama tu, amenyoosha simu yake, anangoja.

Nikamtajia namba. Mungu ananijua, ulimi ulitaka kusema hapana, lakini kwetu matanga hayanyimwi mtu, hata adui. Aliiandika polepole, akanisomea ili ahakikishe hakukosea. Nikamwambia hakukosea.

"Ukifa tutakuja, Mama Rina," nikasema. "Tutakuja wote, tutakaa na wewe mpaka mwisho, na siku hiyo hakuna atakayetupigia kura. Lakini Anatole yuko hai. Yeye alikuwa anaomba kukaa karibu na wewe akiwa hai."

Alifungua mdomo. Kule getini Oom Neels akapiga honi, naye akageuka, akaenda.